Kutwa Mara Tatu, na ya Mchana Ampe Nani?

*Kundi la Wazazi wa Kituo cha Malezi ya Mchana, Jumatano jioni*

Mama Naila, saa 12:40
Habari za jioni, wazazi wenzangu, na wakubwa zangu shikamooni. Sikupenda kulileta jambo hili hapa, lakini tangu jana limenikaa rohoni. Mwanangu aliamka na homa, nikamwekea chupa ya dawa kwenye mfuko wa chakula pamoja na kikaratasi kinachosema apewe kijiko kimoja mchana. Saa nne mlezi alinipigia, nami nilikuwa kaunta na foleni ya wateja, sikupokea. Nilipomfuata saa saba nilikuta dawa haijaguswa. Naomba kuelezwa mtu anakaaje na mtoto anayechemka, na dawa yake anayo mkononi, asimpe.

Baba Kelvin, saa 12:47
Pole sana, Mama Naila. Mimi nashauri wazazi wote tusaini ruhusa ya jumla mara moja, kisha kituo kiweke chupa ya parasetamoli ya akiba tuliyoichangia. Bei yake haifikii hata nauli ya bodaboda ya kumkimbilia mtoto.

Mwalimu Mkuu wa Kituo, saa 1:05
Mama Naila, pole kwa mtoto na pole kwa uchungu wako. Kwa kuwa umelifungua mwenyewe, niruhusu niseme tulichokiona. Chupa ilifika imeviringishwa kwenye nailoni, na lebo yake ilikuwa imelowa dawa mpaka maandishi yamefutika, isipokuwa ile "1 x 3" iliyoandikwa kwa kalamu dukani. Kijiko kilichokuwa mfukoni kilikuwa cha kulia wali. Kipimajoto kilisoma 38.6. Tulimvua sweta, tukampa maji na uji mwepesi, tukakupigia mara tatu, kisha tukampigia baba yake, ambaye alisema alimpa dawa hiyohiyo saa 12 alfajiri kabla ya kutoka. Tukampigia na bibi aliyemleta, naye akasema alimwongeza saa mbili kwa sababu aliona ile ya kwanza ameitema. Kama mlezi angempa ile saa nne alipokupigia, hiyo ingekuwa dozi ya tatu ndani ya saa nne.

Mama Naila, saa 1:09
Sikujua kwamba bibi alimpa.

Baba Shamsa, saa 1:22
Naomba niingie hapo kwa sababu ndiyo kazi yangu, nasimama nyuma ya kaunta ya famasi kila siku. Parasetamoli ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na kati ya dozi moja na nyingine zipite saa nne kwa uchache, zisizidi dozi nne kwa siku nzima. Chukueni mtoto wa kilo 12: kinachomfaa ni kati ya miligramu 120 na 180, yaani mililita 5 hadi 7.5 za ile sharubati yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Kijiko kikubwa cha mezani hubeba kama mililita 15, kwa hiyo mtoto huyo angepata miligramu 360 kwa mkupuo mmoja, mara mbili ya kiwango cha juu. Isitoshe, madukani kuna sharubati nyingine yenye miligramu 250 katika mililita zilezile 5, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Dawa hii tumeizoea hata tunaiona kama maji, ilhali ikizidi inaharibu ini, na ini halilii siku hiyohiyo. Kwa chupa isiyo na lebo, hata mimi nisingempa.

Baba Kelvin, saa 1:26
Nimekuelewa, Baba Shamsa. Lakini sisi tulio kwenye ajira za watu tufanyeje, ikiwa daktari ameandika kutwa mara tatu na mtoto yuko kituoni kuanzia saa moja hadi saa kumi na moja?

Baba Shamsa, saa 1:38
Mwulizeni daktari hapohapo kabla hamjainuka kwenye kiti. Dawa nyingi za watoto hazina dozi ya mchana kabisa. Amoksilini ya kuyeyusha, ambayo watoto wetu hupewa wakipata nimonia, hutolewa asubuhi na jioni. Zinki ya kuhara ni mara moja kwa siku kwa siku 10. Dawa ya mseto ya malaria ina dozi sita kwa siku tatu. Ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza, kisha zinazobaki hutolewa asubuhi na jioni, kwa hiyo ikianzwa usiku au alfajiri hesabu saa vizuri, na siku hiyo ya kwanza mtoto abaki nyumbani. Hata iliyoandikwa mara tatu, mara nyingi inawezekana ikatolewa alfajiri, ikatolewa mtoto anapofika nyumbani, kisha akapewa ya mwisho kabla ya kulala, ila mtoa dawa aulizwe kwanza, kwa sababu zipo zinazohitaji saa zilingane.

Mwalimu Mkuu wa Kituo, saa 1:51
Ahsante, umenipunguzia nusu ya maneno. Baba Kelvin, la chupa ya akiba nalikataa, na si kwa ubahili. Walezi wangu wamefunzwa kulea, hawakufunzwa uuguzi. Kituo kimesajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa ajili ya malezi ya mchana, na afisa ustawi wa jamii akija kukagua nataka akute daftari linalosema nani alipewa nini, saa ngapi, kwa mkono wa nani. Kuanzia Jumatatu, dawa itapokelewa mkononi kwa mlezi wa zamu, haitawekwa tena mfukoni pamoja na chapati, na itakuwa kwenye chupa yake yenye lebo na jina la mtoto. Aliyeileta ataandika kiasi kwa mililita na saa ya dozi ya mwisho, atasaini, na namba yake iwe ya kupatikana. Kabla ya kumpa mtoto, walezi wawili watasoma lebo pamoja. Mtoto mwenye homa, mzazi atakuja kumchukua ampeleke nyumbani. Wapo wanaomezeshwa dawa alfajiri wakafika wamepoa, ikifika saa tano homa imerudi na wenzake kumi wameshakunywa naye kikombe kimoja. Hilo tunalijua, tunanyamaza tu. Na nitamaliza na hili: mwaka jana niliombwa nimpe mtoto dawa ya mafua ili alale mchana asisumbue. Sitafanya hivyo, na mlezi wangu atakayefanya hivyo atakwenda kwao.

Mama Pacha, saa 1:58
Mwalimu, mimi utaratibu huo unanitia hofu. Mmoja wa pacha wangu ana pumu, na kifua kikibana hakuna muda wa kusaini wala kupiga simu.

Mwalimu Mkuu wa Kituo, saa 2:06
Wako ni tofauti, dada yangu. Niletee karatasi ya daktari inayosema dalili zipi, mipulizo mingapi, na baada ya muda gani tumkimbize hospitali. Pampu na chemba yake, kile chombo cha kumsaidia kuvuta dawa, vitakaa kwenye kabati la juu lisilofungwa kwa ufunguo, kwa sababu ufunguo huwa haupatikani siku unapotakiwa. Utakuja asubuhi moja uwaoneshe walezi wote watatu, nao wakuoneshe wewe. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyewahi kupata degedege.

Bibi Tumaini, saa 2:15
Wanangu, nimesoma yote. Mimi dawa za dukani sizipendi. Yule mdogo wa miezi tisa nimemtengenezea asali na tangawizi ya kikohozi. Hiyo nayo inataka saini?

Baba Shamsa, saa 2:19
Shikamoo, bibi. Hiyo naomba asipewe kabisa, hata nyumbani. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja halambishwi asali, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda, vikatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Akitimiza mwaka, asali yako nitaifuata mwenyewe.

Bibi Tumaini, saa 2:22
Marahaba, baba. Basi ataila kaka yake.

Mama Pacha, saa 2:30
Ombi dogo. Wapo watoto wenye dawa za kila siku ambazo wazazi wao hawataki zijulikane kundini. Daftari hilo litasomwa na nani?

Mwalimu Mkuu wa Kituo, saa 2:34
Umenena vyema. Kila mtoto atakuwa na ukurasa wake, na daftari litakaa kwenye droo yangu. Jina la dawa lisiandikwe hapa kundini, nitumieni faragha. Dawa ya mara moja kwa siku ni bora itolewe nyumbani, isipite kituoni kabisa.

Mama Naila, saa 2:41
Mwalimu, nimezungumza na mama mkwe. Tumekubaliana kubandika karatasi kwenye friji, anayempa mtoto dawa aandike saa. Mlezi wa jana naomba umfikishie radhi yangu. Nilimjibu vibaya getini mbele ya watu. Kesho Naila hatakuja, bado ana joto, na kipimo cha malaria tunakwenda kukifanya asubuhi.

Mwalimu Mkuu wa Kituo, saa 2:44
Nitamfikishia. Ukipita hapa wakati wa kurudi, nimemwachia mlinzi bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5. Kile kijiko cha wali pia kipo, tumekiosha.