Naomba ushauri: kutembeza wageni kwa baiskeli kuona miamba, Kigoma mjini hadi Manyovu

Kijana wa Mwanga
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Kigoma mjini, nimesoma jiolojia, ajira bado hazijanikumbuka. Wageni wakija huku wanapelekwa Ujiji kuona pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wanapanda boti ya Gombe kuona sokwe, basi, wanaondoka. Milima ya Buha hakuna anayewapeleka. Nataka niwatembeze kwa baiskeli barabara ya Mwandiga–Manyovu, tusimame pale mlima ulipokatwa kupisha barabara, niwaeleze miamba. Ni kama kilomita 60 na yote lami. Mtaji wangu mdogo. Ninunue baiskeli za aina gani, na je, kuna mtu atakayelipa kuangalia mawe?

Mha Halisi
Hayo mawe tunayalaani kila msimu wa kulima, wewe unataka kuyakatia tiketi. Nipo, naendelea kusoma.

Fundi Spoku
Kwanza geuza safari. Usimpandishe mgeni kutoka ziwani. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kule kwenye kahawa ya Kalinzi mnapita 1,500. Mtu aliyetoka kukaa ofisini akiupanda ule mlima asubuhi, kufika kituo cha pili hakusikii tena, anatafuta kivuli tu. Pakieni baiskeli kwenye gari alfajiri, mshukie juu, mrudi mnateremka.

Sasa kuteremka nako kuna kazi yake. Phoenix ni baiskeli ya kazi, inabeba madumu ya mawese na mikungu ya ndizi bila kulalamika, lakini breki zake za vyuma kwenye mteremko mrefu zinachoka, hasa lami ikiwa na maji. Tafuta mitumba ya gia yenye breki za diski, chache lakini nzima. Kagua pedi kila mnapotoka. Beba tyubu za akiba, viraka, pampu, spoku na kifaa cha kukatia mnyororo. Mfundishe mgeni kubana na kuachia, asishikilie breki mwanzo mwisho. Na msiige wale wa Bujumbura wanaoning'inia nyuma ya malori.

Kijana wa Mwanga
Fundi, hilo la kugeuza safari sikuwa nimelifikiria. Ila gari la kukodi si litameza faida yote?

Fundi Spoku
Ongea na wenye fuso wanaokwenda kupakia ndizi. Asubuhi wanapanda tupu.

Mzee wa Ramani
Kijana, nimefanya kazi za uchoraji ramani huko kwa miaka mingi, nikwambie jambo moja. Usimwanzishie mgeni na majina ya miamba, atasinzia. Msimamishe ukingoni mahali ambapo Ziwa Tanganyika linaonekana vizuri na milima ya Kongo iko ng'ambo. Mwambie hapa ardhi imepasuka, katikati imezama, na ziwa limejaa humo mpaka kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Na bado ardhi inatembea: Desemba 2005 lilipita tetemeko la ukubwa wa 6.8, wenyeji wengi wanalikumbuka.

Ndipo umgeuze atazame ukuta wa barabara nyuma yake. Yale mawe mekundu yana jina la huko huko kwenye ramani, tabaka jekundu la Manyovu, na umri wake ni mamia ya mamilioni ya miaka. Ziwa halizidi sana milioni kumi na kitu. Mbele ya hayo mawe ziwa ni kitukuu. Mgeni akishalielewa hilo, ataanza kuuliza maswali mwenyewe.

Halafu usiisahau Malagarasi. Inaaminika ule mto ulikuwepo kabla ya ufa, ukienda zake moja kwa moja Kongo. Ufa ukaukata. Leo unamwaga ziwani, na maji ya ziwa yanatoka upande wa ng'ambo kupitia mto Lukuga, pale Kalemie, Kongo. Siku ya pili wapeleke Uvinza kwenye chemchemi za chumvi. Watu wanatengeneza chumvi pale tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Huko nendeni kwa treni au gari, si kwa baiskeli.

Dada wa Kalinzi
Mnaongea mawe na breki, choo je? Wageni wa kike watasimama wapi? Pita ofisi ya kijiji kwanza, ujitambulishe kwa mwenyekiti, upate nyumba mbili tatu za kupumzikia na uwalipe. Mimi naweza kupika ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, na kahawa tunakaanga wenyewe. Njoo kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekata. Ila mwisho wa kiangazi moshi wa mashamba unafunga, Kongo haionekani kabisa. Kwa hiyo huo ukingo wa Mzee uwe Juni.

Mpiga Debe Mstaafu
Leseni ya utalii unayo? Ile tunayoiita TALA. Usipokee hata mgeni mmoja wa kulipa kabla ya hapo. Manyovu ni mpakani na Burundi, kila mtu awe na kitambulisho au pasi. Na wageni wasijaze mawe kwenye mabegi, madini yana sheria yake.

Mha Halisi
Nimesoma mpaka huku. Mimi nimekulia Manyovu na hakuna aliyewahi kuniambia habari ya hayo mawe mekundu. Ukianza, wenyeji utatuchaji bei gani?

Kijana wa Mwanga
Mha, safari ya majaribio ni bure, lete baiskeli yako tu. Leseni naanza kufuatilia Jumatatu. Dada wa Kalinzi, tukilala huko baiskeli zitapata pa kuwekwa ndani?

Dada wa Kalinzi
Zitapata stoo. Ila hiyo minyororo yenu ya mafuta isiguse magunia ya kahawa.