Naomba ushauri: Omega ya 1968, mwaka wangu wa kuzaliwa

Wakuu, niko Tanga. Kuna saa ya mkononi, Omega Seamaster otomatiki, muuzaji anadai ni ya 1968. Ndani ya kifuniko imeandikwa 166.010, lakini hiyo ni modeli, haitoi mwaka. Namba ya kuamulia mwaka iko kwenye mashine ya ndani, na pichani haisomeki. Mashine ni aina ya 565, iliyoanza 1966, kwa hiyo mwaka unawezekana.

Shaka yangu ni uso: herufi za "Swiss Made" ni nene, zimetapakaa wino, na vistari vya dakika havilingani na alama za saa. Naona umepakwa rangi upya. Uso ukishapakwa, thamani inashuka sana. Je, niombe punguzo au niachane nayo? Na kwa hewa yetu ya chumvi, kubadili mipira ya kuzuia maji ya kifuniko na ya taji (kitufe cha pembeni cha kuzungusha) kunatosha?