Ajira ya kwanza ya unesi: nisubiri Lugalo au nisaini mkataba wa binafsi?

NesiMpya_Mbagala: Habari za jioni wakuu. Nimemaliza unesi, natafuta ajira ya kwanza. Kuna hospitali ya binafsi Kinondoni wameniita, wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Ila moyo wangu uko Lugalo, hospitali ya jeshi. Babu yangu alipigana vita vya Kagera na anatibiwa pale mpaka leo, mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Natamani sana kuwahudumia wazee kama yeye. Au nisubiri nafasi za serikali kwenye Ajira Portal? Nishaurini.

Kisiki: Mleta uzi, ya muhimu yote umeyaacha. Stashahada au shahada? Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga unayo? Umri? JKT umepita? Una ndoa? Na hao Kinondoni wanatoa shilingi ngapi? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Afande_Mstaafu: Lugalo ina milango miwili na vijana wengi wanaichanganya. Wa kwanza ni kuvaa gwanda. Unasubiri JWTZ watangaze nafasi, unapita mafunzo ya kijeshi kwanza, unesi baadaye. Ukishakuwa askari unaenda unakopangiwa, inaweza kuwa kikosi cha mkoani, siyo Dar. Wa pili ni mtumishi raia chini ya Wizara ya Ulinzi na JKT, ajira ya serikali kama nyingine. Na binti yangu, mtu akikwambia ana nafasi ya Lugalo na anataka hela ya fomu, mkimbie. Jeshi limeonya mara nyingi juu ya hao matapeli.

NesiMpya_Mbagala: Shikamoo Afande, asante sana. Stashahada, leseni ninayo, miaka 23, sijaolewa. JKT sijapita, nilitoka kidato cha nne nikaingia chuo. Kinondoni wanasema laki nne na nusu, majaribio miezi sita.

Sista_Temeke: Mdogo wangu, soma hapa kabla hujasaini. Mimi nilianzia hospitali moja ya binafsi, jina naliacha. Siku ya kwanza walichukua vyeti vyangu halisi, wakasema ni utaratibu wa ofisi. Zamu ya usiku nesi mmoja, wodi nzima, na kukipambazuka unaambiwa mwenzako hajafika, endelea. Mshahara ukawa unakuja tarehe wanayojisikia. Majaribio yalipoisha wakaniongezea mengine kwa mdomo, bila karatasi. Nilipokwenda NSSF kuulizia michango yangu, hakuna kitu kilichowekwa, na kwenye mshahara walikuwa wanakata kila mwezi. Nikaomba kuondoka, wakagoma kutoa vyeti. Baba yangu mdogo ndiye aliyekwenda kusimama pale mapokezi mpaka wakavitoa. Kwa hiyo uliza NSSF, uliza idadi ya manesi kwa zamu, na vyeti halisi usimwachie mtu. Toa nakala.

Mwanasheria_Ubungo: Pole sana dada. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kukata bila kupeleka ni kosa. Migogoro ya kazi ya namna hiyo inapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mleta uzi ajue pia kwamba ndani ya miezi sita ya kwanza ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu, Sheria ya Ajira ya 2004 inasema hivyo. Ndiyo maana wengi wanapenda hiyo miezi sita.

Ruvu2013: Mimi nasema aende JKT kwa kujitolea. Bila JKT gwanda asahau.

Kisiki: Fani za afya huwa na masharti yake. Asome tangazo likitoka.

Ruvu2013: Mkuu, mimi ni wa kundi la mujibu wa sheria, ile JKT ya lazima, iliporudishwa 2013, najua ninachosema. Umri wake unakwenda, akisubiri tangazo bila JKT atapitwa.

Kisiki: Mujibu wa sheria ni kwa waliomaliza kidato cha sita. Yeye hakupita huko, tusimchanganye.

Mama_Makongo: Niwaambie kitu kuhusu hao wazee. Nimeuguza mume wangu, askari mstaafu aliyekatwa mguu. Nesi mzuri alikuwa anaanza na shikamoo, anavua mguu wa bandia taratibu, anaangalia ngozi ya kigutu kama ina wekundu, anaosha, anakausha vizuri kabla ya kurudisha soksi. Mwingine anavuta tu. Mwanangu, huo moyo ulio nao usiupoteze, popote utakapoanzia.

Mbongo_Texas: Huku Marekani hospitali za wastaafu wa jeshi, VA, ni mfumo mzima wa serikali, tofauti na Lugalo inayotibu mpaka raia wa kawaida. Leseni ya jimbo lolote inakubalika. Shida ni uraia, wanaajiri raia wa Marekani kwanza. Ndugu zetu wengi wanapita NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa huku, wanaanzia hospitali za kawaida.

Ruvu2013: NCLEX na stashahada ya Bongo inawezekana?

Mbongo_Texas: Inategemea jimbo. Masomo yako yanapitiwa moja moja kwanza.

NesiMpya_Mbagala: Asanteni wote. Kesho naenda Kinondoni kuuliza NSSF na idadi ya manesi kwa zamu. Shikamoo Mama Makongo, nimesoma uliyoandika mara mbili.

Kisiki: Leta mrejesho. Mkuu wa Texas, huo mtihani gharama yake ikoje kwa mtu aliyeko Dar?