Binti anataka kwenda kusoma Texas, sisi tuko Minnesota. Naombeni ushauri

MamaNeema: Habari wanajamvi. Tunaishi Brooklyn Park. Kifungua mimba wetu anamaliza sekondari mwaka huu, anataka uuguzi, na moyo wote uko Texas kwa binamu yake. Baba mtu hataki hata kusikia. Kipato chetu hakifiki dola 80,000. Binti anadai akikaa kule mwaka mmoja atahesabiwa mkaazi wa kule na ada itashuka iwe ya wenyeji. Ni kweli?

MzeeWaTheluji: Dada, hiyo 80,000 ndiyo penyewe. Tangu 2024 Minnesota ina North Star Promise: kipato cha familia kwenye fomu ya kodi kikiwa chini ya hapo, ada ya chuo cha umma humu jimboni inayobaki baada ya misaada mingine inalipwa. Jazeni FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo. Bweni na chakula havimo. Akivuka mpaka, amekosa.

Kasuku_Houston: Hiyo ya mwaka mmoja watu wanadanganyana sana. Maadamu anategemea wazazi walioko Minnesota, na mnamweka kama tegemezi kwenye fomu zenu za kodi, Texas itamhesabu mtu wa Minnesota. Kulala kwa binamu hakubadilishi kitu.

NesiMadison: Mbona hamtaji Wisconsin? Minnesota ina makubaliano nayo, na Dakota zote mbili pia. Unaomba, unasamehewa ada ya mgeni. Ndivyo nilivyotoka St. Paul hapo Minnesota nikaja huku Wisconsin. Wiki ya kwanza nilikula chapati za mama zikiwa baridi, nimejifungia bafuni, niliyepangwa naye chumba asinione nalia. Ikapita.

Na leseni muiangalie. Texas na Wisconsin zimo kwenye mkataba wa manesi, leseni moja inafanya kazi majimbo mengi. Minnesota haimo. Mtihani wa leseni, NCLEX, ni uleule, ila akihama baada ya kuhitimu kuna leseni ya kuomba upya, kulipia na kusubiri.

BabaJuma: Mimi niko na baba. Wangu alienda Arizona kusoma, akapata kazi hukohuko, sasa namwona kwenye simu tu.

Kasuku_Houston: Mzee, alifuata kazi au alikukimbia? 😂

MamaNeema: Asanteni sana. Hapo kwenye kodi mmenifumbua macho. Digrii asomee hapa, Texas aende akishahitimu. Sasa baba yake anadhani akisomea hapa ndiyo haondoki tena. Nani atamwambia? BabaJuma, wewe hapana.