Je, klorini ya maji ya bomba ndiyo inayounguza mboga zangu?

Mkazi wa Kimara

Habari za leo, ndugu zangu. Ninalima mboga kwenye viroba na matuta madogo nyuma ya nyumba, hapa Kimara, Dar es Salaam: mchicha, sukuma wiki, nyanya chache na maharage. Maji ya bomba yana harufu kali ya dawa, hasa yanaporudi baada ya mgao wa siku mbili tatu, na kwa wiki tatu sasa kingo za majani ya maharage zimekuwa zikigeuka kahawia na kukauka kana kwamba zimepitiwa na moto. Jirani amenishauri ninunue chujio la mkaa ili kuondoa klorini, lakini bei yake ni kubwa kuliko thamani ya mboga zangu zote. Naomba kuelekezwa njia ya gharama nafuu. Niongeze kwamba bomba likikauka hununua maji ya boza, yaani lori la kuuza maji.

Mtunza Kitalu

Pole sana, ndugu. Klorini haihitaji chujio, kwa kuwa ni gesi iliyoyeyushwa na hutoka yenyewe maji yakikaa wazi. Jaza pipa lenye mdomo mpana jioni, uliache mpaka kesho yake jioni, na kama liko juani kazi itakwenda haraka zaidi, kwa sababu mwanga wa jua huivunja klorini. Ukiwa na haraka, mimina maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara kadhaa, ingawa hiyo huipunguza tu. Vitamini C nayo huizima papo hapo: kidonge cha miligramu 500 kikisagwa hutosha pipa la lita 200 lenye klorini ya miligramu 1 kwa lita.

Ukisoma mahali kwamba kulaza maji hakusaidii, huenda mwandishi anazungumzia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo hutumiwa katika miji mingi ya Marekani na ambayo haitoki kirahisi namna hiyo. Mimi hulaza maji ninapoandaa mbolea ya maji au ninapopanda mbegu zilizopakwa bakteria wanaosaidia mizizi ya jamii ya kunde, maana hapo ninafuga vijidudu ambavyo klorini imewekwa iviue.

Udongo Mwekundu

Maelezo ya Mtunza Kitalu ni sahihi, lakini naomba tusimhukumu mshtakiwa kabla ya ushahidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha klorini cha miligramu 5 kwa lita katika maji ya kunywa, na kwa kawaida maji hufika bombani yakiwa chini sana ya hapo. Yakigusa udongo wenye samadi au mboji, klorini hiyo humalizwa na mabaki ya mimea katika tabaka la juu kabisa, kabla haijaifikia mizizi kwa kiwango cha kuidhuru.

Mimi nalishuku boza, maana huenda maji yake yanatoka kisimani. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji chumvi, na ndani ya chumvi hiyo mna kloridi, ambayo jina lake linafanana na klorini lakini tabia zake ni tofauti kabisa: haina harufu, haitoki hata ukiyaacha maji wazi mwezi mzima, na maji yakipungua kwa jua yenyewe hubaki na kuzidi kukolea. Mmea huivuta pamoja na maji mpaka kwenye ncha na kingo za majani, na huko ndiko kuungua kunakoanzia. Kwa umwagiliaji wa kawaida, maji yenye kloridi chini ya miligramu 140 kwa lita hayana tatizo, ila yakivuka 350 hali huwa mbaya kwa mimea isiyostahimili chumvi. Maharage yamo miongoni mwa mboga dhaifu zaidi kwa chumvi. Je, mchicha wako nao umeungua? Na kuna ukoko mweupe kwenye viroba?

Mkazi wa Kimara

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Mchicha ni mzima. Ukingoni mwa kiroba cha maharage kuna unga mweupe uliogandamana, na nilipouonja kwa ncha ya ulimi ulikuwa wa chumvi waziwazi. Udongo huu nitausafishaje?

Udongo Mwekundu

Toboa matundu zaidi chini ya kiroba, kwangua ukoko huo uutupe mbali, kisha mwagilia maji ya bomba kwa wingi mpaka yachuruzike chini, uyaache yaishe, na urudie mara mbili au tatu. Usiongeze majivu kwa sasa, kwa kuwa nayo yana chumvi zake. Majani yaliyoungua hayatapona; tazama yatakayochipua. Maji ya boza, kama huna budi kuyanunua, yaonje kwanza, na maharage uyanyime.

Mtunza Kitalu

Nami nakubali, nilijibu swali la klorini bila kuuliza habari za boza. Kwa pipa la kulazia maji, funga chandarua mdomoni, kwani Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hutaga kwenye kuta za vyombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Kila wiki limwage lote na usugue kuta za ndani kwa brashi, kwa sababu mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi na huanguliwa pipa likijazwa tena.