Naomba ushauri: amplifaya ya mzani inahama sifuri na ina kelele

Wakuu habari, natengeneza mzani wa digitali wa kupimia nafaka, sensa yake ikilishwa volti 5 inatoa milivolti 10 tu mzigo ukijaa kwa hiyo inabidi nikuze mara 500. Nilianza na LM358 (chipu ya kukuza volti, op-amp) kwa sababu ndo ilikuwepo dukani na bei chee, kumbe ile ina ofseti (volti ya makosa kwenye ingizo) ya kama milivolti 2, zidisha mara 500 unapata volti nzima na hujaweka hata debe la mahindi 😅

Sasa nimehamia OP07, op-amp nyingine, nimefunga potenshomita (rezista ya kuzungusha) ya kilo-om 20 kati ya pini 1 na 8 ili kurekebisha sifuri, mguu wa kati kwenye chanya. Sifuri inakaa asubuhi ila jua likipanda inahama taratibu. Halafu kuna kelele, nahisi nusu ni ya hertzi 50 ya umeme wa gridi na nusu ni rezista zangu za kilo-om 100 za kwenye ingizo.

Swali, hiyo trimu (potenshomita ya kurekebisha sifuri) niiache hapo au niingize volti ndogo ya kurekebisha upande wa ingizo? Na rezista nishuke mpaka ngapi? Osiloskopu sina, nina multimita tu.