Kipimo cha joto kinapanda kila feni inapowaka

Muulizaji
Habari zenu, mafundi. Nimeunga sensa ya joto ya LM35 na Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki inayopangwa kwa programu) ili iwashe feni ya volti 12 joto likizidi nyuzi 30. Feni ikiwa imezimwa kipimo hutulia, lakini ikiwaka tu kinapanda kwa nyuzi mbili au tatu na kubaki huko huko kikitikisika, hadi feni izimike. Nimeweka kichujio cha rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya maikrofaradi 1; mtikisiko umepungua, ila kule kupanda kumebaki. Je, niongeze kapasita, au nitafute amplifaya (kikuza ishara) ya LM358?

Jibu la 1
Ndugu, kapasita iache ilivyo. Kichujio chako hupunguza mawimbi yanayozidi takriban hezi 16, lakini kosa linalopanda na kutulia halina mawimbi ya kuchujwa, hivyo linapita kana kwamba njia i wazi. Mimi nashuku waya wa hasi. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja; iwapo sensa na feni zinarudisha umeme kwa waya mmoja wenye ukinzani wa omu 0.05 (na matundu ya bodi ya majaribio hufika huko bila shida), feni inayovuta ampia 0.5 itazua humo milivolti 25, yaani nyuzi mbili na nusu za uongo. Weka multimita kwenye milivolti, gusisha ncha moja kwenye mguu wa hasi wa sensa na nyingine kwenye pini ya hasi ya Arduino, kisha washa feni. Namba ikipanda, mwizi umemshika.

Jibu la 2
Naunga mkono. Amplifaya ingelikuza kosa hilo pamoja na kipimo chenyewe. Tena LM358 ikilishwa volti 5, tokeo lake hukwama karibu na volti 3.5. Ukitaka usahihi zaidi, tumia rejeo la ndani la Arduino (volti ambayo hulinganisha nayo kipimo) la volti 1.1: kila hatua ya usomaji itashuka kutoka milivolti 4.9 hadi 1.1 hivi, na nyuzi 50 ni volti 0.5 tu, kwa hiyo nafasi inatosha. Usiunge volti yoyote ya nje kwenye pini ya AREF (pini ya rejeo) wakati huo. Ila pima hapo volti halisi na uitumie katika hesabu, kwa kuwa rejeo hilo linaweza kuwa popote kati ya volti 1.0 na 1.2.

Muulizaji
Nimepima: milivolti 28 feni ikiwaka. Nimeupeleka waya wa hasi wa feni moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme, na sasa naona milivolti 1. Kimebaki kishindo kidogo cha mara moja katika kipimo feni inapoanza.

Jibu la 1
Hicho kitie kapasita ya nanofaradi 100 kati ya miguu ya chanya na hasi ya sensa, karibu nayo kabisa.